Kabla ya kadi ya picha, niambie kamera yako na umeme wako

Kijana akinijia na pesa yake mkononi, anataka kujenga kompyuta ya gemu na ya kuhariri video, swali lake la kwanza ni moja siku zote: nichukue kadi gani ya picha, yaani ya grafiksi? Mimi simjibu. Namuuliza kwanza anapiga video kwa kamera gani, halafu namuuliza umeme wa kwao ukoje. Wengine hudhani nakwepa swali. Lakini mashine nyingi nilizoziona zikimtesa mwenyewe ziliharibikia hapo, kwenye maswali hayo mawili ambayo hakuna aliyeyauliza.

Tuanze na kamera. Wengi ninaopiga nao harusi na send-off hapa Dar wanashika Sony, A7 IV au A7S III. Kamera hizi zinarekodi 4K ya biti 10 yenye rangi ya 4:2:2, yaani rangi nyingi kuliko video ya kawaida, na ukiziweka kwenye XAVC HS, mfumo wa kurekodi wa Sony, zinaibana video kwa njia iitwayo H.265. Faili linakuwa dogo kwenye memori kadi, lakini kulifungua ni shughuli. Kadi za NVIDIA za RTX 30 na RTX 40, pamoja na ubavu wao wote kwenye gemu, hazikuwekewa uwezo wa kufungua H.265 ya namna hiyo. Mzigo wote unamwangukia prosesa, anafungua kila fremu kwa nguvu, na video inagandaganda. Intel ndio waliokuwa nalo jibu mapema: prosesa zao za mezani kuanzia kizazi cha 11 zina Quick Sync inayofungua faili hizo, na imekaa ndani ya grafiksi ya prosesa yenyewe. NVIDIA walilileta kwenye RTX 50, mwaka 2025.

Na hapa herufi moja inamgharimu mtu miezi. Core i5-12400 na Core i5-12400F ni prosesa ileile, koa (cores) sita, ila F haina grafiksi ya ndani. Dukani F huwa na bei ya chini kidogo, na muuzaji atakwambia kwa nia njema kabisa: si una kadi tayari, grafiksi ya ndani ya nini? Kwa mcheza gemu, muuzaji yuko sahihi. Kwa mwenye A7 IV, punguzo hilo limemnyima kitu alichokihitaji kuliko vyote.

Yupo mdogo wangu wa kazini yalimkuta. Alinunua 12400F na kadi ya RTX 3060, akakaa akiamini kompyuta yake ina ugonjwa. Kila akiweka kamera tatu kwenye taimulaini, picha zinakwama. Alikuwa analala saa tisa usiku akitengeneza nakala nyepesi za video ili aweze kukata kesho yake. Akaniambia, "Kaka, kadi hii inacheza kila gemu, mbona inashindwa na bibi harusi?" Tulibadilisha prosesa peke yake, tukaweka 12400 isiyo na F kwenye madabodi ileile, yaani bodi kuu inayobeba vifaa vyote, tukaingia kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya kompyuta, kuiwasha grafiksi ya ndani, maana ukishachomeka kadi madabodi nyingi huizima zenyewe. Kamera tatu zikatiririka. Nilifurahi kwa ajili yake, ila niliumia nikifikiria usiku wote ule.

Sasa umeme. Kasha langu la kwanza lilikuja na pawa saplai yake ndani, kile kifaa kinachogawa umeme kwenye kompyuta, stika imeandikwa wati 600, na ukiinyanyua ni nyepesi kama boksi tupu. Jioni moja umeme ulikatika, uliporudi ukarudi na nguvu, nikasikia mlio mmoja na harufu ikajaa chumba. Pawa saplai ilikufa na ikaondoka na madabodi. Diski ilipona, namshukuru Mungu, kwa sababu ndani yake kulikuwa na harusi ya watu ambayo haiwezi kupigwa tena.

Tangu siku hiyo pesa yangu ya kwanza inakwenda kwenye pawa saplai. Na wala sizungumzii wati nyingi. Kadi ya RTX 4060 inakula wati 115, prosesa ya 12400 ikikimbia kwa kasi yake yote inafika 117, ongeza madabodi, diski na feni, hujafika 300. Wati 550 za kweli zinakutosha na kubaki. Unacholipia ni kinga: iliyo nzuri ikizidiwa inajizima, mbovu inaupitisha mshtuko kwenda mbele. Usidanganyike na alama ya 80 PLUS peke yake, hiyo inapima umeme unaopotea kwa kugeuka joto, haipimi kinga. Angalia waranti, kampuni inayothubutu kukupa miaka mitano au zaidi inaiamini kazi yake. Na ukinunua ya mtumba yenye swichi ya volti 115 na 230 kwa nyuma, hakikisha iko 230 kabla hujachomeka. Juu yake weka UPS, betri inayoshikilia kompyuta umeme ukikatika. Haitakumalizia kurenda, yaani kutoa video iliyokamilika, itakupa dakika za kusevu na kuzima kwa utaratibu.

RAM, memori ya kufanyia kazi, weka GB 32, vipande viwili vya 16, kwa sababu kipande kimoja kinafanya kazi nusu nusu. Kuanzia mwishoni mwa 2025 bei yake imepaa dunia nzima, kwani viwanda vinakimbilia kuhudumia mitambo ya akili mnemba. Kama mfuko umebana, tafuta madabodi ya 12400 inayopokea RAM ya DDR4, toleo la zamani, zipo, ila soma boksi vizuri maana DDR5 haiingii humo.

Kadi za mtumba siziogopi. Ethereum, sarafu ya kidijitali, ilipoacha kuchimbwa kwa kadi Septemba 2022 zilimwagika sokoni, na nyingi bado nzima. Ombi langu ni kwamba uione ikicheza gemu nusu saa mbele ya macho yako, uguse joto lake, usikilize feni zake, ndipo utoe pesa.

Wiki iliyopita alinijia kijana mwingine. Anapiga kwa simu tu, video za kawaida, na usiku anacheza gemu la mpira na wenzake. Huyo habari za Quick Sync hazimhusu. Nilimwambia achukue prosesa ya Ryzen 5 7600, kwa sababu AMD wanaoitengeneza wameahidi kuiendeleza AM5, tundu la prosesa hiyo kwenye madabodi, angalau hadi 2027 na baadaye atabadilisha prosesa bila kugusa madabodi. Akauliza tena kuhusu kadi. Nikamwambia aniletee kwanza picha ya soketi ya chumbani kwake.