Popo wa Lin Onus: ile mistari ina wenyewe

Pale Sydney kwenye jumba la sanaa la New South Wales kuna popo mia moja wananing'inia kwenye ule mti wa chuma wa kuanikia nguo, ule unaozunguka na upepo, Waaustralia wanauita Hills Hoist na zamani ilikuwa ukichungulia uani kwa watu unaukuta tu, yaani ni alama ya maisha ya mzungu wa kawaida kabisa. Popo wenyewe ni wa faibaglasi, miili imejaa mistari myembamba iliyokatana, na chini sakafuni kuna vibao vya duara vilivyochorwa kama maua, kumbe ndo kinyesi chao. Aliyetengeneza ni Lin Onus, msanii Mwaborijini, yaani wa wale wenyeji wa asili wa Australia, mwaka 1991. Nilipoona picha yake mara ya kwanza nilicheka, na nadhani jamaa alitaka tucheke, wenye nchi wamerudi wakajitundika kwenye kamba ya mgeni na kumchafulia uwanja. Ila nikaja kujua ile mistari ina wenyewe, na hapo ndo ishu inapoanzia.

Mistari hiyo inaitwa rarrk, ni ya watu wa Arnhem Land kule kaskazini kabisa. Wanachora kwenye magome ya miti, kwenye magogo ya kuhifadhia mifupa ya marehemu, hata kwenye miili wakati wa mila. Sio urembo. Kila ukoo una mchoro wake na ardhi yake na hadithi yake, ukichora wa wenzio bila haki ni kama umeshika hati ya kiwanja cha mtu ukasema changu. Sasa Onus alizaliwa Melbourne 1948, kama kilomita 3,000 kutoka huko, baba yake Bill Onus ni Myorta Yorta, Waaborijini wa mto Murray, mama ana asili ya Scotland. Wayorta Yorta hawana rarrk. Kwa hiyo anayeuliza "huyu mistari kaitoa wapi" hajauliza ujinga.

Tena jamaa hakusoma sanaa popote. Shule alifukuzwa akiwa bado mdogo, akaingia gereji, akawa fundi wa magari na kunyoosha bodi, na baba yake alikuwa na duka Belgrave nje ya Melbourne wakiuzia watalii bumerangi na vitu vya hivyo. Watu wanaipita haraka hii sehemu lakini mi naiona ndo ufunguo wa kazi yake, maana mtu aliyezoea kuziba mabonde ya gari na kupiga rangi faibaglasi haimsumbui, na aliyekulia duka la watalii anajua vizuri mzungu ananunua nini akisikia neno "Mwaborijini". Bill mwenyewe hakuwa mfanyabiashara tu, alikuwa mwanaharakati mkubwa, alikuwemo kwenye kampeni za kura ya maoni ya 1967 ambayo zaidi ya asilimia 90 walikubali katiba ibadilishwe Waaborijini wahesabiwe kwenye sensa na serikali kuu iweze kuwatungia sheria.

Haya, 1986 Onus akaenda Maningrida, hukohuko Arnhem Land, akakutana na mzee Jack Wunuwun, mchoraji mkubwa wa kule. Mzee akamchukua kama mwanae, kabisa kabisa kwa utaratibu wao, akampa hadithi na akampa ruhusa ya kutumia baadhi ya michoro. Baada ya hapo alikuwa anarudi mara kwa mara. Kwa hiyo wanaomtetea wanakwambia hakuiba, kapewa, na mwenye mali ndo katoa. Linganisha na Imants Tillers, msanii mzungu wa Sydney, 1985 alichukua mchoro wa Michael Nelson Jagamara, mchoraji Mwaborijini wa jangwani, akautia kwenye kazi yake bila kuomba, ikazua kelele ya miaka. Onus yeye alipewa ruhusa.

Mi hoja hiyo naikubali, ila sio yote. Haki ya mchoro kule haishikwi na mtu mmoja, kuna ndugu na kuna wale wanaosimamia mila kwa upande wa mama, na mzee kukufanya mwanae ni jambo la heshima lakini je alimaanisha mpaka popo wa faibaglasi kwenye jumba la Sydney? Halafu mtazamaji wa mjini hajui kama kulikuwa na ruhusa, yeye anaona tu mistari mizuri, kesho anaikuta imechapwa kwenye taulo za kuuzwa. Onus mwenyewe hili lilimkera, alikaa kwenye bodi ya sanaa ya Waaborijini na akapigania hakimiliki za wasanii, kwa hiyo huwezi kusema alikuwa haoni.

Nisichokikubali ni ile hoja ya pili inayopenyezwa humohumo, kwamba huyu ni nusu mzungu wa mjini kwa hiyo sio Mwaborijini wa kweli. Miaka ile ya 80 wanunuzi walitaka magome ya kaskazini na michoro ya nukta ya jangwani, wa mjini akionekana feki. Sasa angalia kipimo hicho kilifanya nini nje ya sanaa: Wayorta Yorta walidai ardhi yao ya Murray mahakamani, jaji 1998 akasema mila zao zimeshasombwa na historia, hamna kitu, na 2002 Mahakama Kuu ya Australia ikakubaliana naye. Yaani unawafukuza watu, unawakataza lugha, afu unawaambia hamjabaki wa asili. Onus hakuiona hukumu hiyo, alifariki Oktoba 1996 ana miaka 47. Ila mwaka 1994 alishachora msitu wa Barmah, huohuo wa kwao, miti imejiakisi kwenye maji na vipande vimetoka kama fumbo la kupanga ambalo halijakamilika. Pale hakuhitaji ruhusa ya mtu wa kaskazini, nyumbani ni nyumbani.

Kwa hiyo ukiniuliza kazi ipi ya kuchonga nzito zaidi sitataja popo, japo ndo maarufu. Kuna ile ya dingo ya 1989, wale mbwa mwitu wa kwao. Australia wamejenga uzio wa zaidi ya kilomita 5,000 kuwazuia wasile kondoo, na Onus kaweka kipande cha uzio na dingo anapita katikati ya waya kama vile hauoni. Hajarukia, hajachimba chini. Anapita tu.