Shangazi yangu aliitwa Tabu

Jumamosi iliyopita tulimzika shangazi yangu huko Kilosa, na tangu nirudi Dar es Salaam moyo wangu haujatulia kwa sababu ya msalaba uliosimamishwa juu ya kaburi lake. Umeandikwa Christina, kisha jina la babu, kisha mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa. Katika umati wote ule uliokuja kumzika, sikumwona mtu aliyewahi kumwita Christina. Sisi tulimwita Shangazi Tabu, wenzake waliouza mchele pamoja naye sokoni walimwita Da Tabu, na watoto wa majirani walimwita Bibi Tabu. Wasifu wa marehemu ulisomwa kuanzia mwanzo hadi mwisho bila jina hilo kutajwa hata mara moja, hata mzee mmoja aliyekuwa amesafiri kutoka Gairo akaniinamia na kuniuliza kama amekosea msiba.

Baada ya mazishi nilimwita kando mtoto wa kaka yangu, ambaye ndiye aliyeuandika ule wasifu. Alinijibu kwa adabu. "Baba mdogo, tulikubaliana kuliacha," alisema. "Lile ni jina la mikosi. Kwenye maombi tumefundishwa kwamba majina ya namna hiyo humfunga mtu maisha yake yote." Nilinyamaza, kwa kuwa msibani si mahali pa mabishano, lakini niliyoyameza pale nayasema hapa.

Bibi alimzaa shangazi baada ya kuwazika watoto wawili. Alishikwa na uchungu kwa siku mbili, katika msimu ambao mto ulikuwa umefurika na njia ya kwenda hospitali haipitiki, na mkunga alikuwa amekwisha kukata tamaa pale mama na mtoto walipopona wote wawili. Bibi hakujua kusoma wala kuandika. Hakuwa na daftari, cheti wala picha ya kuhifadhia yaliyompata, kwa hiyo aliyahifadhi katika jina la mwanawe, ambalo hakuna mtu ambaye angemnyang'anya. Sisi wajukuu tuliijua habari ya mafuriko yale kwa sababu moja tu: tulipokuwa wadogo tuliuliza kwa nini shangazi anaitwa Tabu. Hakuna ambaye angeuliza kwa nini anaitwa Christina.

Wanaoyaogopa majina haya wanayasoma kinyume. Jina Tabu halimwombei mtoto taabu. Linasema kwamba taabu imepita na mtoto yupo. Ndivyo yalivyo majina ya akina Shida na Mashaka, na ndivyo lilivyo jina Sikudhani, ambalo kila nilisikiapo namsikia mwanamke aliyekuwa amekwisha kukata tamaa ya kumpakata mtoto wake mwenyewe. Wayoruba wa Nigeria, wanapozaliwa mtoto baada ya wengine kufa, huweza kumwita Durojaiye, yaani kaa uishi, uifurahie dunia. Hilo ni ombi la mzazi, na sijui ni kwa kipimo gani mtu angeliita laana.

Na kwa kuwa hoja imeletwa kwa jina la dini, na ijibiwe kwa Maandiko. Katika 1 Nyakati sura ya 4 yumo Yabesi, ambaye mama yake alimpa jina hilo kwa sababu alimzaa kwa huzuni. Mstari huohuo unasema kwamba alikuwa mwenye heshima kuliko ndugu zake, na unaofuata unasema kwamba alimwomba Mungu ambariki, naye Mungu akampa aliyoyaomba. Alibarikiwa akiitwa Yabesi, na hadi leo tunamsoma kwa jina la Yabesi. Najua nitajibiwa kwa habari ya Raheli, ambaye alipokuwa akikata roho alimwita mwanawe Benoni, mwana wa huzuni yangu, lakini Yakobo akamwita Benyamini. Ni kweli, na ninakubali kwamba baba ana haki ya kumchagulia mtoto mchanga jina jingine. Hata hivyo, mwandishi wa Mwanzo hakuifuta sauti ya Raheli. Aliyaandika majina yote mawili, nasi tunayasoma yote mawili.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba kipimo hiki kinatumiwa kwa majina ya lugha zetu peke yake. Dolores ni jina la Kihispania lenye maana ya huzuni nyingi, na watu hupewa kwa heshima ya mateso ya Bikira Maria. Cecilia limetokana na jina la ukoo wa Kirumi ambalo asili yake ni neno la Kilatini la upofu, na Claudia linatokana na neno la kilema cha mguu. Sijamsikia mwombezi yeyote akiwataka akina Cecilia wafunguliwe kutoka katika upofu, na wala sitaki waambiwe hivyo, kwa kuwa ni majina mazuri yenye historia ndefu. Ninataka haki hiyohiyo itendewe Tabu.

Baba wa Taifa mwenyewe alibeba habari ya vizazi viwili katika majina yake. Baba yake, Chifu Burito, aliitwa Nyerere, neno la Kizanaki la viwavi, kwa sababu alizaliwa wakati nchi imevamiwa na viwavi hao. Yeye mwenyewe alizaliwa Butiama mwaka 1922, siku ya mvua kubwa, akaitwa Kambarage kwa jina la mzimu wa mvua. Jina la Julius alilipata alipobatizwa mwaka 1943, akiwa mtu mzima, na hakuyatupa yale mawili ili kulipokea la tatu. Taifa zima limeishi na jina la wadudu waharibifu wa mazao, na hakuna aliyeliona kuwa ni mkosi.

Majina mengi ya huku kwetu hayana hata huzuni ndani yake. Otieno wa Wajaluo alizaliwa usiku kama Chausiku wetu, na Kofi wa Ghana ni Juma wa pwani, wote wawili wakibeba jina la siku ya Ijumaa.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba mtoto anayeitwa Shida anaweza kutaniwa shuleni hadi akalia, na mtu mzima anayeamua mwenyewe kubadili jina lake hapaswi kuzuiwa. Nakubali pia kwamba kuwalazimisha watu majina ya asili ni dhuluma ileile kwa upande wa pili, kama ilivyokuwa mwaka 1972 Mobutu alipowaamuru raia wa Zaire wayaache majina yao ya Kizungu. Lakini shangazi hakuomba kubadilishiwa jina. Aliliitikia tangu utotoni hadi wiki yake ya mwisho wodini, nilipomwita nami nikauona mkono wake ukisogea. Waliomwondolea jina hilo walisubiri hadi alipokuwa hawezi tena kuitika.

Nimempigia simu kaka yangu na kumwomba kwamba kaburi litakapojengewa, jiwe liandikwe Christina Tabu, majina yote mawili, na kwamba gharama za fundi na za maandishi nitazilipa mimi. Amesema atalifikisha kwa ndugu siku ya arobaini. Nitakuwapo.