Nusu Mtu Katika Hori ya Mida

Mla-kaa ni ndege wa kungojewa. Maji yakipwa, hori ya Mida yote, hapa Watamu pwani ya Kenya, hugeuka uwanda wa tope, naye huwa huko katikati, mita mia tano au zaidi: kadoa keupe kanakimbia, kanasimama, kanadona, kanakimbia tena. Maji yakianza kuingia humsukuma kidogo kidogo kuja pwani. Ukikaa pahala pako kimya, saa mbili au tatu kabla ya maji kujaa utamwona mpaka rangi ya miguu yake, kijivu chenye ubuluu. Hayo nilimweleza mgeni wetu tangu garini. Alinisikiliza kwa adabu kubwa, akasema, "Inshallah mwanangu, tutangoja."

Hakungoja hata dakika tano.

Mgeni mwenyewe ni mzee aliyezaliwa Unguja, akaenda Maskati angali kijana, na baada ya kustaafu akaingiwa na maradhi ya kuandika orodha ya ndege. Aliyemnyima usingizi ni huyu mla-kaa, Dromas ardeola kwa jina la kitaalamu. Sasa sikiliza kioja: mla-kaa ni mtu wa Oman hasa! Huzaa kwenye visiwa na fukwe za Bahari ya Arabuni, huchimba shimo mchangani, hutaga yai jeupe, moja tu kwa kawaida, na joto la mchanga humsaidia kuatamia. Msimu wa baridi maelfu hukusanyika Barr al Hikman, pwani ya Oman, mwendo wa gari kutoka nyumbani kwa mzee. Nilipomuuliza ilikuwaje asimwone huko miaka yote, alijibu kwa uchungu: "Kila nikipanga kwenda, kunatokea harusi."

Basi akaja kumtafuta jirani yake Watamu. Bi Mkubwa, mkewe, hakuwa na orodha yoyote. Yeye alifuata upepo na madafu.

Ilikuwa mwezi wa Novemba, siku ya Ijumaa, mwezi mpevu umepita siku mbili, kwa hiyo bamvua, maji hujaa na kupwa kupita kawaida. Bamvua katika pwani hii maji hupwa asubuhi kwenye saa nne au saa tano na hujaa alasiri, kwenye saa kumi au kumi na moja. Hizo ni saa za bandari ya Kilindini, Mombasa. Ndani ya hori ongeza muda, kwa sababu mlango wake ni mwembamba na maji yote yanapita hapo hapo. Tena maji hayaingii kwa mwendo mmoja. Yagawe mafungu kumi na mawili: saa ya kwanza huingia fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, kisha mawili, kisha moja. Siku ambayo tofauti ya kupwa na kujaa ni mita 3.6, saa ile ya tatu na ya nne maji hupanda sentimita 90 kila moja. Yaani sentimita moja na nusu kwa dakika. Hesabu hii iwekeni, tutaihitaji.

Mzee alitoka msikitini moja kwa moja, kanzu nyeupe, kofia ya viua, makubadhi ya ngozi miguuni. Nilimwambia rangi nyeupe huonekana mbali na ndege. Akasema mla-kaa naye ni mweupe, watajuana.

Tulikaa ukingoni mwa mikoko, jua la alasiri mgongoni, Bi Mkubwa kwenye kigoda. Yeye nilimpa darubini ya 8x42: nane ni mara inavyokuza, arobaini na mbili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Nikamwonyesha kuirekebisha. Fumba jicho la kulia, tazama kitu kimoja kwa la kushoto, zungusha gurudumu la kati mpaka kitulie. Kisha fumba la kushoto, tazama kitu kile kile kwa la kulia, zungusha pete iliyo chini ya jicho hilo. Basi, pete usiiguse tena. Anayevaa miwani akunje vikombe vya mpira chini. Bi Mkubwa alifanya hayo kwa utulivu wa mtu anayetunga uzi kwenye sindano.

Mzee alikuja na yake, 12x50, mzigo wa kutosha. Darubini inayokuza mara kumi na mbili hukuza na mtetemeko wa mkono mara kumi na mbili, na mikono ya mzee ilikuwa ikitetemeka kwa furaha tangu Gede.

"Yule! Yule pale!"

Yangeyange.

"Yule sasa! Mweupe yule!"

Yangeyange yule yule, amegeuka.

Nikamwelekeza: yangeyange ni mweupe mtupu na mdomo wake mwembamba, mla-kaa ana weusi mgongoni na kwenye mbawa, na mdomo mweusi mnene kupita kiasi, umetengenezwa kwa kuvunja kaa, si kwa urembo. Nikampata kwenye darubini kubwa ya miguu mitatu, nikampisha mzee. Badala ya kutazama, akazungusha mpaka mwisho, mara sitini. Saa nane mchana juu ya tope la moto hewa huchemka, na ukikuza mara sitini unachokuza ni huo mchemko. Irudishe ishirini na tano, picha itatulia. Kabla sijamaliza sentensi, mzee alikuwa ameibeba darubini, miguu yake mitatu na yote, anashuka nayo.

"Hawa wako mbali mno," alisema, "nakwenda hapo tu."

Hapo tu! Tope la Mida lina alama zake. Palipo na vidonge vidogo vya mchanga vilivyoviringwa na kaa, kanyaga, chini ni mchanga. Palipo laini, panang'aa, hakuna vidonge, zunguka. Mzee hatua thelathini za kwanza alikwenda juu ya vidonge akageuka kutucheka. Ya thelathini na kitu ikaingia mpaka gotini. Akafanya wanavyofanya wote: akausimika mguu wa pili kwa nguvu ili autoe wa kwanza. Hapo ikazama yote miwili mpaka mapajani, kanzu ikatanda juu ya tope, na mzee akasimama wima kama mwiko kwenye sima.

Nikaanza kushuka. Akainua kiganja.

"Simama hapo hapo! Wanakuja."

Walikuwa wanakuja kweli. Maji yalikwisha kuingia mkondoni nyuma yao na kundi zima lilikuwa likisogea, mbio, simama, dona, likimwelekea yeye. Ndege wa tope hutishwa na mwendo, na umbo la mtu mzima aliyesimama. Nusu mtu, tena asiyeweza kwenda popote, hawakumtia maanani. Mita arobaini. Thelathini. Kumi na tano!

"Mzee, maji!" nilimnong'oneza kwa sauti.

"Nayaona. Usije!"

"Ewe bwana," Bi Mkubwa akaita kutoka kwenye kigoda, darubini haijamtoka machoni, "utakufa kwa ajili ya kuku wa baharini?"

"Mama, punguza sauti, watakimbia!" mzee akamjibu.

Nikafanya hesabu yangu: sentimita moja na nusu kwa dakika, na maji yamefika futi chache kutoka kwake. Nikachukua vipande viwili vya makuti vilivyoezekewa kibanda cha madafu, nikalala juu ya kimoja, nikasukuma kingine mbele, nikahamia hicho, nikavuta cha nyuma. Ndivyo unavyomfikia mtu: uzito utandae. Ukimwendea kwa miguu mtakuwa wawili.

Nilipomfikia alikuwa analia machozi. Mbele yetu mla-kaa mzima alikuwa amemkata kaa, na kinda lake, kijivujivu, kubwa karibu sawa naye, limeinama linalialia lipewe. Ndege hawa huendelea kulisha wanao hata baada ya safari yote ya kutoka Uarabuni, jambo adimu kabisa kwa ndege wa jamii hii.

"Umeona?" akaninong'oneza. "Mtu mzima yule, na bado anaomba. Wa kwangu Maskati wako hivyo hivyo."

Nikamwambia akae, aegemee nyuma kwenye kuti. Hakutaka, akikaa kinda litamtoka. Nikamwambia nitamvuta. Akanijibu kwa maneno yangu mwenyewe ya garini, kwamba mtu aliyezama havutwi kwa mikono, maana mguu ukipanda chini yake panabaki patupu, na hewa haipenyi, basi tope linaunyonya kurudi. Dawa ni maji yaingie kandokando ya mguu. "Basi maji yanakuja yenyewe," akasema. "Tuyangoje. Wewe si ndiye uliyesema tungoje?"

Tukangoja. Yalipomfika kiunoni alikubali kuegemea. Unauzungusha mguu mmoja, vidole chini, mviringo mdogo mdogo, maji yapenye; ukilegea unauinua polepole mpaka ulale juu ya kuti; kisha wa pili. Wa kwanza ulitoka bila kubadhi. Wa pili ulitoka kwa mlio ambao siwezi kuuandika hapa, na kundi lote likaruka.

Likazunguka juu ya hori mara mbili, likatafuta mahali pasipo na mzee, likatua mbele ya kigoda cha Bi Mkubwa. Hatua kumi, jua likiwapiga vizuri, hakuna tope hata kidogo.

"Arobaini na watatu," alituambia tulipofika kwa kutambaa.

"Ishirini na saba," alisema mzee, akidondoka. "Nimewahesabu mwenyewe."

"Wewe ulikuwa huwezi kugeuka."

Darubini kubwa tuliing'oa mwisho. Miguu yake hufunguliwa vipande vyote siku hiyo hiyo, huoshwa kwa maji ya bomba yasiyo ya chumvi na kukaushwa kivulini. Chumvi na chembe za mchanga zikilala kwenye vibano, kesho hazifunguki. Makubadhi hatukuyapata.

Garini mzee alinyamaza kitambo, amejifunga kikoi cha kuazima. Kisha akauliza juu ya yule bundi mdogo wa msitu wa Arabuko-Sokoke: naye yuko Oman?

Nikamwambia hayuko, yuko hapa, na Tanzania chini ya milima ya Usambara.

"Alhamdulillahi. Twende usiku huu."

Bi Mkubwa akaniuliza kama msituni huko kuna tope.

"Hakuna, Mama. Anakokaa huyo bundi ni mchanga mwekundu."

"Basi mpeleke pekupeku," akasema. "Na darubini yako hii ya nane sikurudishii."