Jicho la upepo na aluminiamu ya kuslaidi

Juzi mwanangu anafanya homuweki ya Kiairishi hapa Dublin, huku shule ya msingi wanafundishwa wote, akaniuliza fuinneog ni nini. Dirisha. Na mimi muda huohuo naziba ufa wa dirisha kwa selotepu maana baridi ya Novemba haina adabu. Nikatafuta neno limetokea wapi, kumbe si lao, wameachiwa na Waviking, wale mabaharia wa Skandinavia waliopiga kambi hapa mwaka 841. Waviking walisema vindauga: upepo na jicho. Jicho la upepo! Denmaki mpaka leo wanasema vindue, Norwei vindu, na Waingereza nao wamechota kisima hichohicho. Enzi hizo hakuna kioo, ni tundu tu la kutolea moshi na kuingiza mwanga.

Na kabla hamjawacheka, dirisha letu lenyewe ni la Kiajemi, maana yake kimlango.

Sasa kinachoniuma ni hiki. Watu wa barafu ndo wanaliita jicho la upepo, sisi wa Dar, joto la Februari shuka limelowa chapachapa, tunafunga aluminiamu ya kuslaidi inayofunguka nusu, nusu ingine kioo kinapika chumba, juu yake pazia zito, halafu feni inakula umeme wa LUKU usiku kucha. Nyumba ya bibi Pangani ilikuwa na madirisha ya mbao yenye luva, vile vibao vya mlazo vinavyopitisha hewa, kaskazi ikivuma inaingia barazani inatokea uani, mchana unalala mpaka unatoka udenda.

Najua mtasema, huyu kakaa Ulaya miaka mitatu tu anatufundisha kufungua dirisha, na mbu je, na vibaka? Jamani vibaka nawajua, walishapitisha mti wenye ndoano dirishani kwangu Buguruni wakavua suruali na mshahara wote ndani. Nondo na wavu sikatai, nakataa kile kioo. Na wala sisifii huku, ukuta wangu una ukungu mweusi, nimemlalamikia mwenye nyumba kajibu eti fungua dirisha nyumba ipumue, nje nyuzi 3!

Mimi najenga Kigamboni. Jana fundi kanitumia picha, fremu za aluminiamu zishafika saiti. Nikamwambia tulikubaliana mbao na luva, kaniambia "bosi, hizo za wazee, wewe si uko Ulaya?" Nimemrekodia voisi ya dakika nne kuhusu Waviking, kajibu dole gumba.