Abaki chuo apige risechi ya mahesabu ya majengo, au aende saiti?

Wiki iliyopita kijana wa jirani yetu hapa Uyole, Mbeya alikuja home, kamaliza uhandisi wa ujenzi na GPA yake imevuka 3.8, kwaiyo mlango wa kuwa mkufunzi msaidizi uko wazi kwake. Chuo wanamtaka abaki asome mpaka PhD kwenye ukokotoaji wa majengo kwa kompyuta, huku mkandarasi mmoja wa Mafinga anamtaka saiti hata kesho. Akaniuliza "anko, we ungeenda wapi?" Nikamwomba siku chache, na nimekaa nalo kweli kweli maana ni maisha ya mtu haya.

Kwa wasioijua hii fani, daraja au ghorofa huwezi kulipigia hesabu lote kwa mkupuo, sa unalikata kwenye kompyuta vipande vidogo vidogo, kila kipande unakipa ugumu wake, unaviunganisha unapata milinganyo maelfu kwa maelfu, kompyuta inaitatua afu unaona wapi patapinda na wapi patapasuka. Ndo inaitwa finaiti elementi (finite element). Jina alilitoa Ray Clough wa chuo cha Berkeley, Marekani, mwaka 1960, ila yeye na wenzake akina Turner walishachapisha kazi yenyewe 1956, wakitafuta ugumu wa mabawa ya ndege kule Boeing.

Sasa sababu za kukimbia chuo zipo na sio za kubeza. Masters, halafu PhD, halafu machapisho ndo upande cheo, hapo miaka kumi inaweza kukatika wakati mwenzio aliyeenda saiti kapiga miaka mitatu chini ya mhandisi mzoefu, kasajiliwa na Bodi ya Wahandisi na kiwanja keshanunua. Wazazi wake wanalima viazi na wana wadogo zake watatu shuleni, hilo huwezi kulipita kimya kimya.

Ila mi kinachonitisha zaidi sio hela, ni mtu kuzoea skrini mpaka akaiamini kuliko zege. Kuna lile jukwaa la baharini la mafuta na gesi la Norway, Sleipner A, Agosti 1991 walikuwa wanauzamisha msingi wake wa zege kidogo kidogo kuujaribu, kufika kina cha kama mita 65 ukuta ukapasuka na wote ukaenda chini. Uchunguzi ukaonyesha vipande vya modeli kwenye kona kuta zinapokutana vilikatwa vibaya, nguvu inayotaka kuukata ukuta ikaonekana pungufu kwa asilimia 47, na nondo nazo hazikutosha. Kompyuta ilijibu ilichoulizwa. Walipokuja kurudia baada ya ajali kwa modeli nzuri wakapata ukuta ungepasuka kwenye mita 62, yani hesabu sahihi iliwezekana, ila hakuna aliyeshtuka mapema.

Na hapo hapo ndo naona kwanini tunahitaji watu wa kubaki. Hii Mbeya yetu imekaa kwenye bonde la ufa, tarehe 13 Desemba 1910 Rukwa ilipigwa na tetemeko la 7.4, halafu tazama tunavojenga, matofali ya kuchoma kutoka tanuri la mtu, la juu limeiva vile la pembeni vile, udongo wa Tukuyu sio wa Chimala. Nani mwingine duniani atakaa chini apige modeli ya ukuta wa tofali la hivo ukitikiswa? Au madaraja ya TAZARA kati ya Makambako na Mlimba, tokea reli ikabidhiwe 1976 yanabeba treni, yanachoka taratibu na mtu wa kusema yamebakiza maisha kiasi gani anatakiwa awe karibu nayo. Mbao za msitu wa Sao Hill nazo zinataka mtu wa kuzipigia hesabu, maana ndo paa za nyumba zetu nyingi.

Vifaa pia sio ukuta tena kama zamani. Programu za kulipia laiseni yake inauma, lakini CalculiX ni ya bure, Code_Aster ya shirika la umeme la Ufaransa nayo bure, na laptopu ya kawaida inatosha kujifunzia, umeme ukikatika katikati ya hesabu unaianza tena, inakera ila haiui risechi.

Kwaiyo jana nimemjibu nikiegemea abaki, kwa sharti moja ambalo sikutaka kulilegeza. Kabla hajasaini aende akaone maabara, aulize ile mashine ya kuvunjia tofali inafanya kazi na nani anaitumia, maana ukichukua namba za tofali la Ulaya kitabuni ukaziingiza kwenye ukuta wa Uyole unapata picha zenye rangi nzuri tu. Kama mashine imekufa na hakuna mpango wa kuitengeneza, aende Mafinga kwanza, ashike zege miaka hiyo mitatu asajiliwe, masters ataikuta. Mama yake alikuwepo, akauliza kwani mshahara wa chuo unaanza lini. Nikamwambia hilo nalo akaliulize Jumatatu.