Miguu Yangu Ndani ya Maharage

Lava ya volkano ya Nyiragongo iliposhuka mpaka ziwani Januari 2002, iliiachia Goma mawe meusi yenye meno, na mimi natembea juu yake kila siku na kandambili. Ndiyo maana nina magaga. Wala si yale ya kuambiwa "paka mafuta tu, yataisha". Yangu yanakamata uzi. Usiku nikijigeuza, kisigino kinashika chandarua, halafu kraaa! Chandarua cha pili kilipotoboka, mama watoto alinionyesha mkeka.

Ningevumilia, lakini Jumamosi tulikuwa tunapeleka mahari ya mdogo wangu, na habari zilitutangulia: wakwe wamenunua zulia jipya, viatu vinabaki mlangoni.

Ijumaa jioni nikaingia farmasi. Kijana akaniwekea mezani tyubu mbili za krimu ya urea, moja asilimia 10, nyingine asilimia 40. Akafungua mdomo anieleze. Nikamkatiza: "Mdogo wangu, hesabu naijua." Arobaini ni kumi mara nne. Nani achukue kumi?

Usiku umeme ukakatika, kama ilivyo ada. Nikaanzia kwa jiwe la lava, lilelile lililoniharibu miguu, nikasugua visigino mpaka damu ikachungulia. Nikajisifu kwamba uchafu umetoka wote. Kisha krimu: visigino, nyayo, juu ya mguu, katikati ya vidole, nene kama siagi kwenye mkate wa mgeni. Juu yake sashe za plastiki, juu ya sashe soksi. Kila nikijisogeza kitandani nachakarika kama mfuko wa karanga.

Saa saba usiku nikaota nimekanyaga lava ya moto. Kuamka, moto uko palepale, ila ndoto imekwisha. Nikararua soksi, nikasahau sashe. Sashe juu ya sementi, nyie! Kutoka kitandani mpaka jikoni sikupiga hatua hata moja, nilifika tu. Nikazivua, nikapapasa bidoni ya kwanza: tupu. Ya pili: tupu. Mkono ukagusa beseni, na ndani mna maji. Nikaingiza miguu yote miwili.

Jamani, raha! Nilifumba macho. Chini kulikuwa na vijiwe laini, vya mviringo, nikawa navichezea kwa vidole.

Tochi ikawaka mlangoni.

"Baba watoto," alisema polepole, na akianza polepole ujue yamekufika, "hayo ni maharage niliyoloweka."

Asubuhi, katikati ya vidole ngozi ilikuwa nyeupe, imekunjamana kama ya mtu aliyeshinda ziwani. Juu ya mguu nyekundu. Na visigino? Visigino, ukiacha pale nilipojichubua, vilikuwa vimeanza kulainika, ndiyo inayoniuma. Nikachechemea mpaka farmasi. Kijana hakucheka. Heri angecheka.

"Papa, hiyo ya 10 inashika maji kwenye ngozi. Hiyo ya 40 inalegeza ngozi ngumu yenyewe, hata kucha. Unapaka kidogo, pale penye ugumu tu. Penye kidonda, hapana. Katikati ya vidole, hapana. Kando kando unazungushia Vaselini ili ngozi isiyo ngumu isiguswe. Ukimaliza unanawa mikono, usije ukashika macho. Na kama una sukari, unaanza kwa daktari, si kwangu."

Sukari sina. Nina kiburi tu, na hicho hakukiuliza. Akaniambia niache krimu mpaka michubuko ipone, kisha nianze na ile ya 10. Ile ya 40 niiwekee ukucha wangu wa dole gumba, ule mnene wa manjano ninaouficha tangu nioe: tone juu ya ukucha, plasta juu yake. Sijui aliuonaje.

Kwa wakwe nilikuwa mwanamume pekee mwenye soksi. Mzee mmoja aliniuliza kama kwetu ni desturi. Nikasema ndiyo, ya ukoo wa mama.

Chakula kikaja: ndizi, samaki wadogo wa sambaza, nyama, na bakuli kubwa la maharage yaliyoiva vizuri, laini kabisa. Mama watoto akanitazama kutoka upande wa wanawake, akaushika mdomo kwa kitenge, mabega yakaanza kutetemeka.

Bakuli lilipofika kwangu nililipitisha.