Funika Kombe kwenye Mifereji ya Amsterdam

Kwa mujibu wa sauti iliyorekodiwa inayowaongoza watalii katika boti niliyopanda mjini Amsterdam, nyumba za fahari zilizopanga foleni kandokando ya mfereji wa Herengracht zilijengwa na wafanyabiashara hodari walioishi katika "Zama za Dhahabu" na kupata mali yao baharini. Basi. Hakuna zaidi ya hapo. Msikilizaji asiyejua historia atashuka akiamini kwamba Waholanzi wa karne ya 17 walitupa nyavu zao baharini na kuivua ile dhahabu kama watu wavuavyo dagaa.

Ningeweza kuyameza hayo, kwa kuwa rekodi za utalii hazijawahi kusifika kwa ukweli, lakini boti ikafika mbele ya nyumba namba 502 ya Herengracht. Sauti ikatujulisha kwamba hayo ni makazi rasmi ya Meya wa jiji, ikasifu upana wa nyumba na nguzo za mlangoni, kisha ikatuhimiza tuandae kamera kwa sababu mbele kidogo, pale mfereji wa Reguliersgracht unapoanzia, tungeona madaraja saba yaliyojipanga mstari mmoja. Abiria wote wakageuka kuyatafuta madaraja. Hakuna aliyeambiwa kwamba nyumba ile ilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1670 kwa ajili ya Paulus Godin, mmoja wa wakurugenzi wa Kampuni ya Uholanzi ya West Indies na wa Shirika la Suriname, lililoendesha koloni la Uholanzi la jina hilo huko Amerika Kusini, yaani mtu ambaye biashara yake ilikuwa kununua na kuuza Waafrika. Jiji lenyewe liliweka kibao cha kumbukumbu mbele ya nyumba hiyo mwaka 2006. Kibao kiko nchi kavu, abiria wako majini, na sauti iliyopaswa kuwaunganisha ilikuwa inahesabu madaraja.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: hakuna njia nzuri zaidi ya kuuona mji ule kuliko kuwa majini. Mifereji mikubwa mitatu, Herengracht, Keizersgracht na Prinsengracht, ilianza kuchimbwa mwaka 1613, na haikuchimbwa kwa ajili ya wapiga picha. Ilikuwa barabara za mizigo. Mtu anayetembea kwa miguu huona milango na ngazi, lakini aliyeketi botini huinua macho na kuona kwenye kilele cha karibu kila nyumba boriti iliyochomoza ikiwa na kulabu, mahali palipofungwa kapi na kamba ya kuvutia mizigo kutoka kwenye mashua hadi darini. Huona pia kwamba kuta nyingi za mbele zimeinamia mferejini kidogo, na kwa sehemu kubwa ziliinamishwa makusudi ili mzigo unaopandishwa usigonge madirisha. Haya yote sauti iliyaeleza, tena vizuri, na ikaongeza habari ya nguzo za mbao zilizopigiliwa kwenye tope ili zibebe majengo, zikiwemo zile 13,659 zinazosemekana kulishikilia Kasri la Kifalme pale uwanja wa Dam. Nilifurahi kusikia. Mtu aliyeandika maelezo yale anajua kapi linavyofanya kazi.

Sasa, ukishamweleza mtu kamba, kulabu, boriti, dari na mwinamo wa ukuta, swali linalofuata lingeulizwa hata na mtoto wa darasa la pili: walikuwa wanavuta nini? Walivuta sukari, kahawa, tumbaku, kungumanga na mdalasini. Na nani aliyevilima? Hapo ndipo rekodi inapopatwa na kikohozi. Kungumanga zilitoka visiwa vya Banda, ambako mwaka 1621 jeshi la Kampuni ya Uholanzi ya East Indies likiongozwa na Jan Pieterszoon Coen liliua, kufukuza au kutia utumwani karibu wenyeji wote ili kampuni imiliki zao hilo peke yake. Sukari na kahawa zilitoka sana Suriname, kwenye mashamba yaliyolimwa na watu waliotolewa Afrika kwa nguvu. Na katika muda wote wa biashara hiyo, meli za Uholanzi ziliwavusha Atlantiki zaidi ya watu nusu milioni. Kuueleza uzito wa gunia bila kumtaja aliyelijaza si ufupisho wa habari. Ni uamuzi.

Wala asije mtu akaniambia kwamba hayo yalitendeka mbali, na kwamba ziara ya mifereji inahusu mifereji. Shirika la Suriname, lililoanzishwa mwaka 1683 ili kuliendesha koloni lile, lilikuwa na wanahisa watatu wenye mafungu sawa: Kampuni ya West Indies, familia ya Van Aerssen van Sommelsdijck, na jiji la Amsterdam. Narudia, jiji. Theluthi moja ya koloni la watumwa ilikuwa mali ya manispaa, kama vile manispaa nyingine inavyomiliki soko au machinjio. Watu waliokaa kwenye vikao vya kuamua wapi lijengwe daraja na wapi itupwe taka walikaa pia kwenye vikao vya kuamua mambo ya mashamba ya miwa, na baada ya kikao walirudi nyumbani kwao, kwenye nyumba hizi hizi ambazo boti huzipita taratibu ili tupige picha.

Ikaja karne ya 18, na mambo yakawa ya kitaalamu zaidi. Mwaka 1753 Willem Gideon Deutz, mfanyabiashara aliyekuwa pia meya wa Amsterdam, alianzisha mfuko wa guilder milioni moja (guilder ndiyo iliyokuwa fedha ya Uholanzi) wa kuwakopesha wenye mashamba wa Suriname. Wawekezaji walinunua vipande vya mkopo huo wakiwa wamekaa vitini, wakangojea riba. Rehani ilikuwa nini? Shamba, majengo, mitambo, na watu. Waliorodheshwa kwenye tathmini ya mali kila mmoja na bei yake, na tathmini hiyo ndiyo iliyoamua mkopo uwe mkubwa kiasi gani. Wengine waliuiga mfano huo upesi. Nyumba ya kibenki ya Hope & Co., iliyokuwa Keizersgracht, ilijikita katika biashara hizo kiasi kwamba benki ya ABN AMRO, ambayo ni mrithi wake, iliagiza utafiti na hatimaye ikaomba radhi mwaka 2022. Kwa maneno mengine, bepari wa Keizersgracht hakuhitaji kuiona meli, wala kulijua joto la Suriname, wala kumtazama usoni mtu aliyekuwa dhamana ya faida yake. Alihitaji kutia sahihi tu. Mimi naona kisa hicho kina mvuto kuliko kisa cha nyumba iliyo nyembamba kuliko zote mjini, ambacho tulipewa kwa kirefu na kwa madoido.

Na mwisho wa biashara yenyewe? Uholanzi iliukomesha utumwa Suriname na katika visiwa vyake vya Karibi tarehe 1 Julai 1863, serikali ikalipa fidia. Iliwalipa wamiliki. Kwa kila mtu aliyeachwa huru Suriname mmiliki alipokea guilder 300, na baadhi ya waliopokea walikuwa wakazi wa Amsterdam ambao hawakuwahi kukanyaga huko. Waliokuwa watumwa hawakupewa hata senti, na wale wa Suriname wakalazimishwa kuendelea kufanya kazi mashambani kwa mikataba chini ya uangalizi wa dola kwa miaka kumi zaidi, hadi 1873.

Nimezungumza na watu kadhaa kuhusu jambo hili, na jibu ninalopewa mara nyingi ni kwamba watalii wako likizo, wamelipa nauli ili wapumzike, na si uungwana kuwaharibia siku kwa habari za huzuni. Jibu hili lingekuwa na uzito kama boti hiyo hiyo isingepita Prinsengracht namba 263. Pale, mbele ya nyumba ambamo Anne Frank, yule binti wa Kiyahudi aliyeandika shajara, na wenzake saba walijificha wasikamatwe na Wanazi, hadi walipokamatwa tarehe 4 Agosti 1944, muziki ulizimwa. Sauti ilibadilika, ikasema polepole na kwa staha. Baba mmoja aliyekuwa akigawa biskuti aliacha kugawa. Hakuna aliyelalamika kwamba amepunjwa likizo yake, hakuna aliyedai arudishiwe nauli, na mnara wa kanisa la Westerkerk ulio hatua chache kutoka pale haukupungua uzuri kwa sababu ya ukweli uliosemwa chini yake. Sishindanishi misiba, msiba haupimwi kwa mizani, na ninawashukuru walioamua kwamba boti inyamaze pale. Ninachosema ni kwamba ushahidi tunao: abiria yule yule, katika saa ile ile, ana moyo wa kutosha kusikia jambo zito na bado akafurahia safari. Tatizo haliko kwa abiria. Liko kwa mtu aliyeamua ni wafu gani wanaostahili muziki kuzimwa.

Kinachochekesha, kama mtu ana nguvu za kucheka, ni kwamba jiji lenyewe limeshatoka huko. Jumba la makumbusho la jiji, Amsterdam Museum, lilitangaza mwaka 2019 kwamba linaacha kuiita karne ya 17 "Zama za Dhahabu", kwa kuwa jina hilo linawasahau waliolipia dhahabu hiyo. Tarehe 1 Julai 2021 Meya Femke Halsema aliomba radhi kwa niaba ya jiji. Desemba 2022 Waziri Mkuu Mark Rutte akafanya hivyo kwa niaba ya serikali, na tarehe 1 Julai 2023 Mfalme Willem-Alexander akasimama kwenye bustani ya Oosterpark mjini humo, palipo na mnara wa kitaifa wa kumbukumbu ya utumwa, akaomba radhi yeye mwenyewe. Meya, Waziri Mkuu, Mfalme: wote wamelisema hadharani jambo ambalo kaseti ya botini bado inaliona kuwa la faragha. Funika kombe mwanaharamu apite, ingawa mwanaharamu mwenyewe amekwisha simama jukwaani akaungama.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba si boti zote zilizo hivyo. Tangu mwaka 2013 Jennifer Tosch, mwenye asili ya Suriname, amekuwa akiendesha ziara zinazoitwa Black Heritage Tours, ambazo huwapitisha watu kwenye mifereji hii hii na kuwaonyesha yale ambayo rekodi za kawaida huyaruka. Nakubali pia kwamba nahodha akiwa na ulimi wake mwenyewe, bila kaseti, lolote laweza kusemwa, baya au jema. Lakini kwa nini ukweli wa mji uwe tiketi ya pekee? Anayeinunua ziara ile ni mtu aliyekwisha kujua kwamba kuna jambo la kuuliza. Yule asiyejua, ambaye ndiye mwenye haja zaidi, anapanda boti ya kwanza anayoiona nje ya Kituo Kikuu cha treni na kushushwa hapo hapo baada ya saa moja, akiwa amejifunza aina tatu za vilele vya nyumba na ule mzaha wa kwamba kina cha mfereji ni mita tatu, moja ya tope, moja ya baiskeli na moja ya maji. (Mzaha huo umechakaa kuliko baiskeli zenyewe.)

Zaidi ya hayo, kuna mambo ya furaha yanayopotea katika ukimya huo, maana historia ya Waafrika katika mji ule si ya minyororo peke yake. Katika karne ya 17 palikuwa na jamii ndogo ya watu weusi walio huru karibu na Jodenbreestraat, mtaa ambao mchoraji Rembrandt alinunua nyumba mwaka 1639, na mchoro wake wa mwaka 1661 wa wanaume wawili Waafrika, ambao sasa umehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Mauritshuis mjini The Hague, unaonyesha nyuso za watu aliowatazama kwa makini. Walitembea kandokando ya maji haya. Walioana, walizaa, walibatizwa, walizikwa. Boti hupita karibu na mtaa huo na kueleza habari za gati zinazobomoka, ambalo ni jambo la kweli pia, kwani sehemu ya ukuta wa mfereji wa Grimburgwal iliporomoka majini mwaka 2020 na ukarabati wa kuta za mji mzima utachukua miaka mingi.

Ninachodai ni kidogo mno. Sitaki boti igeuzwe darasa, wala sitaki mtu aliyekuja fungate akabidhiwe orodha ya meli. Nataka pale Herengracht namba 502 rekodi iseme kwamba nyumba hii ilijengwa kwa ajili ya Paulus Godin, aliyetajirika kwa biashara iliyojumuisha watumwa, na kwamba jiji lenyewe lilimiliki theluthi moja ya Shirika la Suriname. Zikielezwa boriti na kulabu, itajwe sukari, na itajwe Suriname. Mwendo wa boti hizo ni wa pole, kuna nafasi tele kati ya daraja moja na lingine, na nafasi hiyo kwa sasa inajazwa na kinanda. Manispaa, ambayo bila kibali chake boti hizo haziruhusiwi kubeba abiria, ina masharti juu ya injini na moshi wake. Kama inaona aibu kuweka sharti juu ya maneno, basi angalau iwaandikie wenye boti aya mbili zilizo sahihi na kuwapa bure, katika kila lugha inayosikika kwenye spika zile za masikioni. Kisha atakayeamua kuziacha na kubaki na kinanda, abiria tutamjua.